Kulungu Akishaonekana, Umeshachelewa

Kila vuli ikiingia, majira yale ya majani kupukutika, madereva wa usiku katika nchi za baridi zenye kulungu huanza kuulizana maswali yale yale. Zile filimbi za kubandika kwenye bampa zinasaidia? Ukimwona upige honi au uzime taa? Ukwepe kulia au kushoto? Mimi ni mtu wa zamu za usiku, na baadhi ya barabara ninazozipita sijawahi kuziona mchana. Jibu langu limekuwa moja mpaka jamaa zangu wamelichoka: maswali hayo yote yanaanzia pale ambapo mambo yameshaharibika. Mnyama akishatokea kwenye mwanga wa taa zako, sehemu kubwa ya matokeo imeshaamuliwa na vitu viwili ulivyovifanya mapema zaidi, au ulivyoacha kuvifanya. Cha kwanza ni mwendo uliouchagua. Cha pili ni uamuzi uliokuwa nao tayari kuhusu mikono yako kwenye usukani.

Tuanze na mwendo, na nivumilie na hesabu kidogo, maana kiini cha jambo kimo humo. Taa zilizopunguzwa, zile unazotumia ili usimtie upofu anayekuja mbele, humulika kwa kukutosha kuona kitu cheusi mita 50 au 60 hivi. Kulungu ana rangi ya majani makavu, anapenda kusimama mbele ya majani makavu, wala hakuvaa koti la kuakisi mwanga. Basi tuseme una bahati, umemtambua akiwa mita 55 mbele yako.

Kumtambua bado si kusimama. Jicho lione, akili ikubali kwamba kile ni mnyama wala si kichaka, mguu utoke kwenye mafuta uende kwenye breki: kwa dereva aliye macho lakini asiyetarajia kitu, chukulia sekunde moja na nusu. Ukiwa kwenye 90 kwa saa, gari linakula mita 25 kila sekunde. Kabla breki haijashika, umeshamaliza mita 37 na nusu. Zimebaki 17 na nusu. Kwenye lami kavu, tairi nzima, mguu umekanyaga mpaka mwisho, mita hizo zinakushusha kutoka 90 mpaka 70 hivi. Unamgonga kwenye 70 kwa saa, na hapo hukukosea chochote tangu ulipomwona.

Sasa chukua gari hilo hilo, dereva yule yule, mwanga ule ule, ila alikuwa kwenye 70. Sekunde moja na nusu inakula mita 29. Zimebaki 26. Kusimama kabisa kutoka 70 kunahitaji mita 27 hivi. Gari linamfikia kulungu likiwa limekaribia kusimama, na yeye mara nyingi atakuwa ameshatumia nafasi hiyo kuruka zake. Ukijaribu na 80, unamfikia ukiwa kwenye 50 hivi. Yaani ile 20 iliyo kati ya 70 na 90 inaonekana ndogo kwenye dashibodi, lakini mwisho wa mita 55 inakuwa tofauti kati ya kumtazama mnyama akiondoka na kumpokea kwenye boneti na mwendo wa 70.

Na gharama yake? Kwenye kipande cha msitu cha kilomita 30, ukienda 90 unatumia dakika 20. Ukienda 70 unatumia dakika 26 kasoro kidogo. Watu hunijibu kwamba wana haraka ya kufika nyumbani. Sawa, hiyo haraka ni ya dakika sita.

Mvua ikinyesha, hesabu hii inakuwa mbaya zaidi, na kwenye theluji au barafu haifai hata kuiandika. Kuna pia wanaosema kibao kimeruhusu 90. Kibao hakijui umewasha taa gani. Kimewekwa kwa kuangalia kona, upana wa barabara na aina ya magari, nacho kinasema hicho hicho saa sita ya mchana na saa nane ya usiku.

Simaanishi kwamba usiku wote utambae. Taa kali hubadilisha kila kitu. Zenyewe zinafika mita 120, hata 150 gari likiwa na taa nzuri, na kusimama kutoka 90 kunahitaji mita 82 hivi ukijumlisha na ile sekunde moja na nusu. Kwa hiyo na taa kali 90 ni mwendo wa mtu mwenye akili, na ukiwa peke yako barabarani hakuna sababu ya kuendesha bila kuziwasha. Nashangaa ni watu wangapi wanaoendesha safari nzima na taa zilizopunguzwa kwa uvivu wa kidole. Kanuni ninayoifuata ni kwamba mwendo unafuata taa: nikiwasha taa kali naongeza, nikizipunguza nainua mguu.

Hilo la kuinua mguu sikulitunga mwenyewe. Nililiona kwa dereva mmoja wa malori, mtu mzima wa miaka mingi barabarani, aliyenipa lifti usiku. Kila gari lilipotokea mbele alipunguza taa na mwendo kwa pamoja, kama vile vilikuwa kwenye swichi moja. Mwanzoni nilidhani anaogopa.

"Mzee, mbona unapunguza? Barabara nyeupe kabisa."

"Nyeupe kwako wewe uliyekaa. Mimi nimeshapunguza taa, mbele sioni kitu. Nikimbilie wapi?"

Kisha gari lile likapita, akawasha taa kali tena, lakini hakuongeza mwendo papo hapo. Alisubiri kidogo. Nilipomuuliza tena alinicheka kabisa, akaniambia nifumbe jicho moja gari lingine likija halafu nimwambie naona nini. Macho yaliyopigwa na taa za mbele huhitaji sekunde kadhaa kurudi, na katika sekunde hizo unaendesha kwa kumbukumbu. Watu wazima huchelewa zaidi kupona na mng'ao kuliko vijana, naye alilijua hilo kwa macho yake mwenyewe.

Tangu hapo nimekuwa mkali hata kwa vitu vidogo vinavyoiba mwanga. Kioo cha mbele husafishwa kwa ndani pia, kwa sababu ukungu wa mafuta unaojikusanya upande ule hutawanya mwanga wa gari linalokuja na kukujengea pazia jeupe. Vioo vya taa vikishageuka manjano, ving'arishwe au vibadilishwe. Taa ya dashibodi ishushwe mpaka pale inaposomeka tu. Simu iliyobandikwa ikionyesha ramani yenye mandhari meupe ni taa ya kujimulika usoni. Iweke kwenye rangi za usiku au uizime.

Tuje kwenye kuangalia. Wengi wanajua kwamba macho ya kulungu hung'aa, maana nyuma ya retina ana utando unaorudisha mwanga, ule unaomsaidia kuona gizani. Ukiwa na taa kali unaweza kuona nukta mbili za kijani au njano kutoka mbali sana, kabla mwili wenyewe haujaonekana. Ila kwa kuyategemea macho utawakosa wengi. Kulungu anayekula ameinamisha kichwa. Anayevuka anatazama aendako. Anayeondoka amekupa mgongo. Hao wote hawana nukta za kukuonyesha.

Ndiyo maana ni heri ujizoeze kutafuta umbo. Msitu umejaa mistari iliyosimama wima, vigogo na vijiti. Mgongo wa mnyama ni mstari uliolala. Ukiona kitu kimelala kwa usawa wa kiuno cha mtu katikati ya vigogo, inua mguu kwanza, utajua baadaye kama ni mti ulioanguka. Na pale penye vijiti vya kuakisi kando ya barabara, viangalie vile vya mbali. Vinapaswa kukaa kwenye mstari, kimoja baada ya kingine. Kimoja kikizimika kisha kikawaka tena, kuna kitu kimepita mbele yake. Taa za nyuma za gari lililokutangulia mbali nazo hufanya hivyo hivyo. Ukishaijua alama hii utaipenda, kwa sababu inakupa habari kutoka mita 200 ambazo taa zako hazifiki.

Jicho lisikae katikati ya lami. Lipeleke kwenye kingo, kushoto na kulia, lirudi katikati. Mnyama hatokei katikati ya barabara, anatoka pembeni, na zile mita tatu nne za majani mafupi kabla ya lami ndizo zinazokupa sekunde ya ziada.

Sasa akishavuka salama, hapo ndipo madereva wengi hujiachia. Anapumua, anakanyaga mafuta, anamfuata kwa macho yule aliyepita anavyoruka kuingia msituni upande wa pili. Macho yametazama upande usiofaa kabisa. Majike hutembea na watoto wao, mara nyingi kwa mstari mmoja, na aliyetangulia ni mkubwa mwenye uzoefu. Wanaofuata ndio wasiojua gari, na wana hofu ya kuachwa. Msimu wa kujamiiana, nyuma ya jike anakuja dume aliyeinamisha pua chini akifuata harufu, asiyesikia wala kuona kingine. Kwa hiyo wa kwanza akivuka, tazama alikotoka. Mpe wa pili muda wa kutokea, na wa tatu.

Na kwa nini husimama tu wakatukodolea macho? Mboni zao gizani zimefunguka kabisa ili kukusanya kila chembe ya mwanga. Taa za gari zikizipiga, mnyama amepofuka kwa wakati huo. Zaidi ya hapo, kusimama kimya ni mbinu iliyowalinda na mbwamwitu kwa vizazi visivyohesabika: usitikisike mpaka adui akaribie, kisha ruka ghafla upande asioutarajia. Kwa mbwamwitu mbinu hii ni nzuri. Kwa gari ni balaa, maana kuruka kwenyewe kunakuja dakika ya mwisho na upande wowote, hata kurudi alikotoka baada ya kuwa ameshavuka. Nakwambia hili ili usijaribu kubashiri ataelekea wapi. Yeye mwenyewe hajui bado.

Kuhusu nyakati, sina mengi ya kuongeza kwa yanayojulikana: magharibi, saa za mwanzo za usiku, na alfajiri kabla hakujapambazuka. Katika Amerika Kaskazini kilele ni kuanzia Oktoba hadi Desemba, na Novemba ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu ya msimu wa kujamiiana wa kulungu mkia-mweupe. Ulaya wale kulungu wadogo wana kalenda yao: Aprili na Mei wanagombania mipaka ya maeneo yao, na Julai hadi Agosti madume hufukuzana na majike hata mchana kweupe. Kuna jambo moja la binadamu linalozidisha. Saa zinaporudishwa nyuma kwa saa moja vuli, kama nchi nyingi za huko zifanyavyo kila mwaka, safari ya kutoka kazini inahamia gizani kwa usiku mmoja, na kulungu hakupewa taarifa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Current Biology ulikuta kwamba wiki inayofuata mabadiliko hayo migongano na kulungu hupanda kwa asilimia 16.

Mahali nako kunajieleza ukikuzoea. Pale msitu unapokutana na shamba. Bondeni penye kijito. Mstari wa miti unaokuja kukatika kwenye barabara kisha ukaendelea ng'ambo. Mwisho wa uzio au wa kingo za chuma, kwa sababu mnyama hufuata kizuizi mpaka kinapoishia, kisha anavuka hapo hapo. Wakati wa baridi, barabara zilizomwagwa chumvi ya kuyeyusha barafu huwavuta waje kuilamba. Kibao chenye picha ya kulungu hakikuwekwa kwa mapambo, lakini kwa kuwa kipo mwaka mzima jicho hukizoea na kuacha kukiona. Mizoga kando ya barabara husema zaidi. Ukiona mmoja wa leo, wenzake wangalipo hapo jirani.

Nimefika sasa kwenye mikono.

Katika nafasi ile ya sekunde mbili, mwili wako utataka jambo moja tu, kuzungusha usukani. Silika hii ina nguvu kiasi kwamba huwezi kuishinda kwa kufikiri wakati huo huo. Lazima uwe umeishinda kabla. Ndiyo maana mimi nikiingia kwenye kipande cha msitu hujiambia, mara nyingine kwa sauti kama nimo peke yangu: akitokea, breki mpaka chini, usukani unyooke. Abiria wangu wamenicheka. Lakini mkono uliokwishaambiwa hutii haraka kuliko ule unaosubiri amri.

Sababu ni ya kusikitisha lakini iko wazi. Kulungu wa kawaida anayezidi kilo 100 ni mkubwa, na gari la kisasa limejengwa kupokea pigo la mbele: chuma kinajikunja, mifuko ya hewa inajaa, mkanda unakushika. Mti haujikunji. Mtaro unabiringisha gari. Lori linalokuja upande wa pili halihitaji maelezo. Nchini Marekani makadirio ya kampuni ya bima ya State Farm ni zaidi ya migongano milioni moja na wanyama kwa mwaka, na jimbo la West Virginia limekuwa likiongoza kwa hatari mwaka baada ya mwaka. Wanaokufa katika ajali za aina hii nchi nzima ni karibu watu 200 kwa mwaka. Weka namba hizo mbili karibu karibu. Kumgonga kulungu kwa sehemu kubwa ni hasara ya gari. Uchunguzi wa vifo hivyo umeonyesha mara kwa mara kwamba kilichoua hakikuwa pigo la mnyama lenyewe bali kilichofuata, gari kuacha barabara na kupinduka, na kwamba wengi wa waliokufa kwenye magari hawakuwa wamefunga mkanda. Waendesha pikipiki ni habari nyingine, kwao pigo lenyewe linatosha kuua, na kwa hiyo kwao ile hesabu ya mwendo ndiyo kinga karibu yote waliyo nayo.

Hata makampuni ya bima yanaelewa tofauti hii kwa namna yao baridi. Marekani, kumgonga mnyama kwa kawaida huhesabiwa chini ya ile bima ya majanga yasiyotokana na uendeshaji, pamoja na mvua ya mawe na wizi. Ukimkwepa ukaupiga mti, hiyo ni ajali yako, chini ya bima ya kugonga, kama unayo. Ujerumani, ambako bima hupokea madai ya wanyama pori zaidi ya 200,000 kwa mwaka, aliyekwepa bila kumgusa mnyama ana mzigo wa kuthibitisha kwamba mnyama alikuwepo kweli, na akisema alikwepa sungura hatapata huruma, kwa kuwa sungura hastahili hatari ile.

Kunyoosha usukani si kujifunga kwenye nondo. Ndani ya njia yako una nafasi kidogo, na breki za ABS, zile zinazozuia magurudumu yasijifunge kabisa, zinakuruhusu kuendelea kulielekeza gari huku umekanyaga mpaka mwisho. Kanyagio litatetemeka mguuni na kugugumia. Ndivyo linavyofanya kazi, usiliachie. Ukiwa na nafasi ya kusogea, sogea kuelekea upande wa makalio yake, maana kulungu anayekimbia huenda mbele kuliko kurudi nyuma. Lakini magurudumu yasivuke mstari, si wa katikati wala wa pembeni. Honi piga, mlio mmoja mrefu, iwapo breki imeshakanyagwa. Taa usizime kamwe. Sijui nani aliyeanzisha ushauri huo wa kuzima taa ili mnyama azinduke. Anakutaka ukimbie gizani kuelekea kitu unachojua kipo.

Kanuni hii ina mpaka wake mmoja, na anayeendesha Skandinavia, Kanada au kaskazini mwa Marekani anapaswa kuujua. Elki, yule jamaa mkubwa wa kulungu, ana uzito unaoweza kupita kilo 500 na miguu mirefu kiasi kwamba kiwiliwili chake chote kiko juu ya boneti. Gari dogo linamkata miguu, kisha mzigo wote unaingia kupitia kioo cha mbele mpaka ulipo wewe. Kichwa chake kinaweza kuwa juu ya mwanga wa taa, kwa hiyo usitegemee kuona macho. Kwa elki, kukwepa huku umefunga breki kunaweza kuwa ndiyo njia ya kuokoka. Waswidi wanalijua vizuri kiasi cha kuwa na jaribio la magari kwa ajili yake: dereva anazungusha usukani ghafla, anatoka kwenye njia na kurudi. Mwaka 1997 jarida lao la Teknikens Värld lilipindua Mercedes A-Class mpya katika jaribio hilo, na kampuni ikalazimika kulirekebisha gari na kuliwekea mfumo wa kulizuia lisiteleze. Ukijipata umekwama na elki bila nafasi yoyote, inama chini uwezavyo.

Vifaa nitavipitia haraka kwa sababu havistahili zaidi. Filimbi za bampa: watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Georgia, wamejaribu sauti za aina mbalimbali kwa kulungu kando ya barabara na hawakuona zikiwazuia. Weka pesa hiyo kwenye tairi. Breki za kujifunga zenyewe: nyingi zilifundishwa kutambua magari na watu, na ingawa Volvo walianza kuongeza utambuzi wa wanyama wakubwa kwenye magari yao karibu mwaka 2016, soma kitabu cha gari lako kabla ya kulikabidhi roho. Taa zinazojirekebisha, zile zinazobaki kali huku zikimkwepa anayekuja mbele, hizo ndizo ningezilipia. Ulaya zimekuwepo kwa miaka, Marekani ziliruhusiwa mwaka 2022 tu.

Kinachofanya kazi kweli hakiuzwi dukani kwa dereva. Huko Banff, Kanada, barabara kuu inayokatiza hifadhi ilizungushiwa uzio na kujengewa vivuko zaidi ya 40 vya wanyama, juu na chini ya barabara. Migongano na wanyama ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Uzio peke yake humpeleka mnyama mwisho wa uzio, na daraja peke yake hapiti mnyama. Vyote viwili pamoja vinajibu. Jimbo la Wisconsin, Marekani, nalo limetoa jibu la ajabu zaidi: utafiti wa mwaka 2021 ulikuta wilaya ambako mbwamwitu wamerudi zina migongano ya kulungu pungufu kwa asilimia 24 hivi, na sehemu kubwa ya upungufu huo haikutokana na kuliwa. Mbwamwitu hupenda kutembea kwenye njia zilizo wazi, barabara zikiwemo, na kulungu wakajifunza kukaa mbali nazo. Yaani yule adui wa zamani aliyewafundisha kusimama kimya ndiye anayewafundisha kuiogopa barabara. Mimi nipo upande wa mbwamwitu, ingawa najua wafugaji wana ya kwao ya kusema.

Tuseme hata hivyo umemgonga. Toa gari pembeni kama linatembea, washa taa za dharura, vaa kizibao cha kuakisi kabla hujashuka, na pembetatu iwekwe mbali nyuma, kwa sababu gari linalofuata lina shida ile ile ya mita 55 uliyokuwa nayo wewe. Usimsogelee mnyama. Kulungu aliyejeruhiwa hupiga mateke, na dume ana pembe. Wengi huinuka ghafla baada ya dakika kadhaa za kulala kama wamekufa. Piga simu polisi, hasa akiwa amebaki barabarani. Usimtie kwenye buti hata kama nyama inakutazama: Ujerumani kumchukua bila ruhusa ni ujangili, na majimbo mengi ya Marekani yanataka kibali. Piga picha za manyoya na damu kwenye bampa kabla mvua haijaziosha, bima watazitaka.

Kisha, kabla hujajidanganya kwamba gari ni zima kwa sababu injini inawaka, chungulia chini uone kama rejeta inavuja, angalia kama taa zote mbili zimebaki, na ushike boneti uitikise. Kulungu hupiga kwa juu, na komeo la boneti ndilo hupinda. Kama halishiki sawasawa, ita gari la kuvuta, hata kama umebakiza kilomita tano, maana boneti ikifunguliwa na upepo ukiwa mwendoni itakuja kulala juu ya kioo chote cha mbele.